Mchanga utoke kwanza: kuosha gari kwa mashini, kwa mkono, na kukinga rangi hapa Nairobi

Wiki jana mama mmoja aliniletea gari yake, nyeusi, ile ndogo ya Kijapani ya milango mitano, akaiegesha chini ya mti na hapo kwa kivuli ilikuwa inang'aa tu vizuri. Akaniambia, "Kijana wangu, hii gari naiosha kila Jumamosi, sijawahi ruka hata moja, na bado kila mwezi inazidi kuzeeka." Nikamwomba aisogeze mbele kidogo jua liipige. Hapo ndio akaona. Boneti yote ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba ya mviringo, kama utando wa buibui, ukisonga kushoto inakufuata kushoto, ukisonga kulia inakufuata kulia. Alinyamaza akaiangalia kama dakika nzima, alafu akaniuliza swali lenye huwa naulizwa karibu kila siku: kama ningekuwa naipeleka kwa ile mashini inaosha yenyewe, ingekuwa afadhali ama ingekuwa imeharibika zaidi?

Nimeosha magari miaka kumi na moja sasa, nilianza na mathree, yaani matatu, kwa steji huko Umoja saa kumi alfajiri, siku hizi nafanya mambo ya polishi na kukinga rangi, na jibu langu kwa hilo swali halijabadilika. Kenye hukwaruza gari ni mchanga. Ukisugua mchanga na brashi ya mashini utakwaruza, ukiusugua na spanji mkononi utakwaruza vilevile, na pengine zaidi juu mkono unabonyeza. Kwa hivyo kabla uulize mashini ama mkono, uliza ule mchanga umetolewa na nini kabla kitu chochote kiguse hiyo rangi.

Uelewe kwanza kenye unajaribu kulinda. Rangi ya gari iko kwa matabaka, chini kuna bati, juu yake praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, alafu rangi yenyewe, alafu juu kabisa kuna ile vanishi isiyo na rangi, mafundi huiita klia. Gari iliyotoka kiwandani, hayo yote ya juu ya bati ukiweka pamoja huwa kitu kama maikroni 100 hadi 150, na klia peke yake huwa karibu 40 ama 50. Maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu. Unywele wa kichwa chako ni kama 70 hivi. Yaani ile ngao yote inazuia jua na mvua na kinyesi cha ndege ni nyembamba kuliko unywele mmoja. Na kila mara fundi akipiga polishi ya mashini kutoa mikwaruzo, haifuti, anasaga klia pembeni ya mkwaruzo mpaka ilingane na chini yake, kwa hivyo kila polishi inapunguza kile kidogo uko nacho. Ndio maana mimi huambia watu kuosha vizuri ni kazi kubwa kuliko polishi. Polishi uifanye mara chache sana kwa maisha ya gari, kuosha utafanya mara hamsini kwa mwaka.

Na mchanga wa Nairobi si mchezo. Wenye wanatoka pande za Kikuyu na Limuru wanakuja na udongo mwekundu, ule ukikauka unakuwa kama unga wa matofali. Wa Syokimau na Embakasi wana ile udongo nyeusi inashika kwa matao ya tairi kama gundi na ndani yake kuna vikokoto. Wa Athi River wana vumbi ya saruji, na hiyo ni mbaya kivyake juu ikipata umande usiku inaanza kugandia hapo hapo kwa rangi. Jam pia inaongeza masizi ya malori na vumbi ya breki. Hizo zote ziko juu ya boneti asubuhi ukitoka, na mtu anachukua kitambaa kikavu anapangusa "tu ionekane safi ya kwenda job." Hicho kitambaa kikavu asubuhi ndicho kilimaliza gari ya yule mama, kuliko hata kawoshi. Alikuwa anakiweka kwa mlango wa dereva na kila siku anapanguza vumbi. Kama utaacha kitu kimoja tu baada ya kusoma hii, acha hicho.

Sasa mashini. Ziko za aina kama tatu na zinatofautiana sana, kwa hivyo usikubali mtu akwambie "mashini" kama kitu kimoja. Kuna zile za brashi ya nailoni, nyuzi ngumu zinazunguka, hizo ndizo za zamani na ndizo zimepatia mashini jina mbaya. Alafu kuna zile za vitambaa ama vipande laini vya povu, hizo ni pole zaidi. Shida ya hizi mbili ni moja, zinagusa gari yako na kitu chenye kimetoka kugusa gari ingine. Kama mbele yako kulikuwa na pikapu imetoka shamba na matope, kuna chembe zimebaki kwa zile nyuzi, na mashini haijui, inakuja kukuchapa nazo mara mia. Hata magari mengi tunanunua yametoka Japan yakiwa tayari na hiyo mikwaruzo, juu huko mashini za brashi ziko kwa petrol steshoni na watu wanazitumia sana, kwa hivyo usishangae gari "mpya" kutoka Mombasa ukiiweka kwa jua unapata utando wa buibui na wewe hujaiosha hata mara moja.

Ya tatu ni ile haigusi, inarusha maji ya presha na dawa tu. Hiyo haiwezi kukwaruza, ukweli ni huo. Lakini kitu kisichogusa lazima kitumie dawa kali ndio kitoe uchafu, na hiyo dawa inakula waksi yako haraka, na bado ile filamu nyembamba ya moshi na masizi inabaki, unaona ukipitisha kidole bodi ikikauka. Kwa gari imekingwa na seramiki, ile kinga ya maji inapakwa juu ya rangi ikagandia ngumu, ni sawa mara moja moja. Kwa gari ya waksi, ukitoka hapo hesabu kama huna waksi.

Ukiamua kutumia ya brashi, labda uko na haraka ama ni mvua na hakuna mtu anakuosha, fanya hivi. Omba wapige presha kwanza kabla uingie, hasa chini ya milango na matao ya tairi. Ngoja kama mwenye yuko mbele yako ana matope, waache wengine wawili wasafi wapite kwanza. Kunja vioo vya pembeni, toa antena kama inafunguka, zima wipa zile zinaanza zenyewe zikiona maji. Kama gari imepigwa rangi majuzi, usiingize kabisa. Rangi ya mafundi wa jua kali mara nyingi haijachomwa kwa oveni kama ya kiwandani, inakauka na hewa, na inakaa laini wiki kadhaa, hata waksi huwa tunasema ungoje kama siku 30 ndio zile kemikali ndani zimalize kutoka. Na hiyo "waksi" wanakuongezea pesa ndio uwekewe mwisho wa mashini, ni kung'aa kwa siku chache tu, sio kinga ya kutegemea.

Hapo ndio watu husema basi bora mkono. Ngoja kwanza.

Mimi nimeosha kwa mkono vibaya kuliko mashini yoyote. Siku zile za steji tulikuwa na ndoo moja, sabuni ya unga, na spanji moja ya kukata na kisu kutoka kwa godoro. Ndoo hiyo moja inaosha mathree tano ama sita, tairi na rimu na bodi na vioo, maji yanabadilika rangi yanakuwa kama chai na bado unaendelea. Siku moja mwenye gari ndogo, rangi ya maroon, akaniomba nimpigie haraka kabla abiria wajae. Spanji ilinianguka chini kwa kokoto, nikaiokota, nikaichovya mara moja nikaendelea kwa mlango. Nilisikia sauti kabla nione. Mstari mmoja kutoka mlango wa mbele mpaka karibu na taa ya nyuma. Yule mzee hakupiga kelele, alipitisha kidole juu yake pole pole mara mbili, akanilipa, akaenda. Mpaka leo spanji haiingii kwa kazi yangu. Spanji ina uso bapa, ikiokota chembe haina pa kuificha, chembe inabaki hapo kati ya spanji na rangi na unaivuta. Kitambaa cha maikrofaiba ama ile glavu ya manyoya ina nyuzi ndefu, chembe inazama ndani mbali na rangi, mpaka uisuuze.

Kwa hivyo ukienda kawoshi ya mtaani, na mimi nasema uende, hao vijana wanafanya kazi ngumu na wengi hawajaonyeshwa tu, ongea nao vizuri kabla waanze. Usiende ukakaa kwa nyama choma ukarudi kuuliza nani aliharibu gari. Beba vitambaa vyako viwili ama vitatu na chupa ndogo ya shampuu ya gari, ongeza kijana hamsini juu ya bei yake, mwambie, "Boss, hii nioshee na hizi, na ufuate hii njia yangu." Hakuna mwenye amewahi kunikatalia. Mwambie apige presha kwanza gari yote kutoka juu kushuka, akae mbali kama futi moja, asilete ile pua karibu na rangi iliyobambuka ama stika ama mahali imepigwa rangi, juu presha ikipata ukingo inainua yote. Hapo asiharakishe, dakika tatu nne za maji tu ndizo zinaokoa rangi kuliko kitu kingine chochote atafanya baadaye. Alafu povu, likae kidogo lilegeze uchafu, asiliache likauke. Alafu tena maji. Hapo ndio kitambaa kiguse gari kwa mara ya kwanza.

Sabuni ya unga ni vita yangu ya kila siku. Wanaipenda juu ni rahisi na ina povu mingi. Lakini ile imetengenezwa kutoa mafuta kwa nguo, ina alkali kali, kwa gari inatoa waksi yote na inakausha mpira wa milango na plastiki mpaka zinakuwa kijivu. Shampuu ya gari iko karibu katikati, haielemei asidi wala alkali, na tena ina utelezi, na huo utelezi ndio unafanya chembe iliyobaki iteleze badala ya kukwama. Sabuni ya vyombo ya maji ni afadhali kuliko ya unga, lakini nayo inatoa waksi, uitumie tu siku unataka kuitoa makusudi kabla upake ingine.

Dizeli pia. Kuna wenye wakiona lami kwa mlango wanachovya kitambaa kwa dizeli wanapaka bodi yote ing'ae, na inang'aa kweli, kwa siku moja, alafu vumbi yote ya Nairobi inashikana nayo. Mafuta pia yanaharibu raba. Kama ni doa la lami, tumia dawa ya lami, ukikosa basi tone la mafuta ya taa kwa kitambaa, kwa lile doa tu, liache lilegee, pangusa, osha hapo na shampuu saa hiyo hiyo.

Tairi na rimu zioshwe na kitambaa chake na ndoo yake, vumbi ya breki ni vipande vya chuma na havifai kurudi kwa boneti. Ukiona kijana ametoka rimu akahamia mlangoni na kitambaa kile kile, msimamishe kwa upole.

Sasa wenye mnaoshea nyumbani. Najua venye maji iko, mtaa mwingi ni mgao, siku mbili kwa wiki, na keateka hataki kuona mpira wa maji umevutwa kwa parking. Gari ndogo inaoshwa vizuri na mitungi mitatu ya lita 20, hata miwili ukiwa makini. Mtungi wa kwanza wote ni wa kumwagia, tumia kopo ama bomba la kunyunyizia miche, lile la kupampu na mkono, hilo ni kitu poa sana na linatumia maji kidogo. Anzia paa, teremka. Usiguse. Mwaga tu mpaka uone maji yanatoka bila rangi ya udongo.

Alafu ndoo mbili. Moja ina shampuu, kipimo ni kile kimeandikwa kwa chupa, si "mpaka povu ijae." Ya pili ni maji matupu ya kusuuza. Chovya glavu kwa shampuu, osha sehemu moja tu, tuseme nusu ya paa, rudi kwa ndoo ya maji matupu usuuze na kukamua, ndio urudi kwa shampuu. Inaonekana ni kazi mingi lakini angalia chini ya ile ndoo ya kusuuza ukimaliza, kuna kijiko kizima cha mchanga kimekaa huko, na huo wote ungekuwa umerudi kwa rangi. Osha kwa mistari ya kunyooka, mbele kwenda nyuma, usizungushe, mkwaruzo ukitokea wa kunyooka hauonekani haraka kama wa mviringo. Usibonyeze, uzito wa glavu unatosha. Fuata paa, vioo, boneti, buti, milango nusu ya juu, na mwisho kabisa chini ya milango na bampa ya nyuma, juu huko ndiko mchanga umejaa. Baada ya kila sehemu mwagia maji, usingoje umalize gari yote, huku kwetu jua halikungoji.

Na hilo jua ni habari nyingine. Tuko mita kama 1,700 juu ya bahari na karibu kabisa na ikweta, hata siku hujaskia joto, miale inakula rangi. Usioshe saa sita mchana. Mimi husema kabla ya saa tatu asubuhi ama baada ya saa kumi jioni, na kwanza uweke nyuma ya kiganja kwa boneti, kama huwezi kuacha hapo ukihesabu mpaka tano, gari ni moto, ngoja. Maji yakikauka kabla uyatoe yanaacha madoa meupe ya duara. Hapa inategemea pia maji yako yametoka wapi. Maji ya mfereji ya kutoka Ndakaini ni laini, hayaachi alama sana. Lakini apatimenti nyingi zinatumia kisima, yale watu huita maji ya chumvi, yana madini mingi, tone likikauka linaacha duara kama chaki na ukiacha wiki kadhaa linaanza kuchora klia yenyewe. Yakiwa bado mapya, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, weka juu ya doa kama dakika moja, suuza kabisa. Alafu urudishe waksi hapo, siki imeitoa.

Kukausha ndio watu wengi huharibu kazi yote. Fulana ya zamani ina mshono na ina lebo, hapana. Ile ngozi ya kukausha nayo inafanya kazi lakini ni bapa kama spanji, chembe ikibaki inaburutwa. Chukua taulo kubwa ya maikrofaiba, itandaze yote juu ya boneti, ivute pole pole kukuelekea ukishika kona mbili, inakunywa maji yenyewe, hakuna haja ya kusugua. Kitambaa kidogo ukikikunja mara mbili kinakupa nyuso nane, tumia uso mmoja, geuza, tumia mwingine. Kikiisha nyuso, kiweke kando.

Kuna mambo ya huku kwetu lazima niseme. Wenye hupita ama kuegesha pale Nyayo Stadium mnajua wale korongo kwa miti ya miiba. Kinyesi chao ni kingi na kina asidi, na kwa jua kali saa chache tu zinatosha kuacha alama ya kudumu, juu klia inapanuka ikipata joto alafu inajikaza usiku ikizunguka ile takataka. Usikwangue, usipanguse kikavu, ndani yake kuna vipande vya mifupa na mchanga. Beba chupa ya maji na tishu kwa gari kila siku, lowesha tishu, ilaze juu, ingoje dakika tano, kiinue kama unaokota, usipanguse. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja jakaranda zinamwaga maua, yanapendeza sana kwa picha lakini yakilowa na kukaa kwa boneti usiku yanatoa majimaji yenye kunata na kuacha madoa. Yatoe asubuhi na maji, si na brashi ya ufagio.

Na usiegeshe karibu na fundi wa geti anakata chuma. Zile cheche za grainda ni chuma cha moto, zinatua kwa rangi na zinajichimbia, baada ya mvua mbili unaona vidoti vya kahawia, hasa kwa gari nyeupe, na watu wanadhani bodi inaanza kuoza. Kuna dawa ya kutoa chuma, unapuliza na inageuka zambarau ikikipata, ioshe kabla ikauke.

Sasa kukinga. Gari ikiwa imeoshwa na bado ina maji, valia mkono karatasi nyembamba ya mkate, ile ya plastiki inafunga mkate, alafu pitisha vidole kwa boneti pole pole. Kama inateleza kama kioo, uko sawa. Kama unaskia chenga chenga, kuna vitu vimeshikana ambavyo kuosha hakutoi, na ukipaka waksi juu yake unafungia uchafu ndani. Hapo unatumia kipande cha klei, kitu laini cha kunata kama udongo wa kufinyanga, kinauzwa kwa maduka ya vitu vya magari, unanyunyiza maji ya shampuu, unakiteleza bila nguvu mpaka ile sauti ya kukwaruza inyamaze. Ukikunje kila ukimaliza sehemu upate upande safi, na kikianguka chini, tupa, usijaribu kukiosha. Mara mbili kwa mwaka inatosha.

Waksi ya karnauba, ile inatoka kwa majani ya mti fulani wa Brazil wa jamii ya mnazi, inapendeza sana kwa gari nyeusi na nyekundu, lakini kwa jua letu hesabu mwezi mmoja ama miwili. Ile kinga ya kutengenezwa kiwandani, wanaiita silanti, inaenda kama miezi minne ama sita, na kwa mtu wa kawaida mwenye anaendesha kila siku hiyo ndio mimi hupendekeza, unaipaka mwenyewe Jumapili moja asubuhi, safu nyembamba sana, ikishika ukungu unapangusa. Nyingi ni kupoteza tu, ya ziada yote unaitoa na kitambaa. Utajua imeisha ukimwaga maji, yakisimama kama shanga bado ipo, yakilala bapa kama karatasi imeisha.

Seramiki ni nzuri, nimeipaka magari mingi na inadumu miaka, lakini tafadhali elewa unanunua nini. Inazuia asidi na jua na inafanya uchafu utoke rahisi, hiyo ndio faida kubwa. Haizuii mchanga kukwaruza. Mtu akiendelea na spanji na sabuni ya unga juu ya seramiki, atakwaruza seramiki. Na kazi yenyewe karibu yote ni maandalizi, kuosha, klei, polishi, kupangusa mafuta, juu ikishagandia mikwaruzo yote ya chini imebaki humo. Anayekwambia anaimaliza kwa lisaa limoja ukiwa unakunywa chai, mwambie asante. Siku ya kwanza pia haifai kuguswa na maji, kwa hivyo usiipake msimu wa mvua ya Machi mpaka Mei kama huna pa kuiweka chini ya paa.

Jambo moja la wenye Toyota za miaka ya nyuma. Angalia ile bamba ya chuma kwa nguzo ya mlango ama ndani ya boneti uone nambari ya rangi. Nyeusi ya 202 na nyeupe ya 040, nyingi za zamani zilitoka bila klia, ni rangi tupu mpaka juu. Ukizipaka polishi kitambaa kinageuka cheusi ama cheupe, na vijana wengi husema "ona uchafu." Hiyo ni rangi yako inatoka. Gari kama hiyo polishi iwe mara chache kabisa, na waksi isikose.

Yule mama nilimfanyia boneti na milango kwa polishi nyepesi tu, si yote ilitoka, nikamwambia ile imebaki aiache, klia ni yake ya kumtosha miaka kama hatutaimaliza leo. Nikampa taulo moja na vitambaa vinne, na mambo ya kuvitunza ndio haya. Vifuliwe peke yake, si na nguo za pamba juu vinaokota nyuzi zake, sabuni ya maji kidogo, bila ile dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inapaka nyuzi na haziwezi tena kunywa maji. Vianikwe kivulini, mbali na vumbi la barabara, vikikauka vifungwe kwa mfuko wake ndani ya buti. Na kimoja kikianguka chini hata mara moja, kata kona yake na makasi, ujue kutoka siku hiyo hicho ni cha rimu.